Tshangalele: tuende kutembea kule na watoto wetu

Kwa sisi watu wa mugodi, siku ya Mungu iko na njia tatu: kanisa, kulala, ao kilauri. Mwenye kutoka posti ya usiku alale, na mwenye kusali asali. Lakini tunasema iko njia ya ine, na haiombe makuta mingi: kuchukua bibi, watoto na nyanya, kwenda kutembea saa moja tu kando ya ziwa Tshangalele.

Wengine watacheka na kusema: kutembea bure porini ni mambo ya wazungu. Tuwajibu. Watoto wetu wa Likasi, Kambove na Lubumbashi wanajua aina zote za kamyo. Wanajua jiwe ya kijani ya shaba na jiwe nyeusi ya kobalti. Lakini wangapi wameona tai ya kichwa cheupe ikishuka na kukamata samaki? Wanakomea katika vumbi, na sisi tunadhani dunia njo ile.

Na ziwa hili ni letu kwa njia ya pekee. Halikukuwako zamani. Lilizaliwa wakati walijenga barrage ya Mwadingusha juu ya mto Lufira, na mwaka 1930 umeme ulianza kutoka pale kwa kazi ya shaba. Ni mugodi ulileta maji ile, ni mikono ya wakubwa wetu. Kisha samaki na ndege wakafika. Mwaka 1982 UNESCO iliandika bonde la Lufira kati ya akiba zake za viumbe. Mwaka 2017 likaingia kwenye liste ya Ramsar, ile mapatano ya dunia juu ya maeneo ya maji, fasi mikoko ya Muanda kwenye bahari ilikuwa imeingia mbele, mwaka 1996. Muanda iko mbali sana na sisi. Tshangalele iko karibu na Likasi, na mwenye kutoka Lubumbashi anaweza kwenda na kurudi siku moja.

Namna gani kujipanga? Chagueni kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka wa nane. Mvua ikianza, njia ni matope na majani inaficha kila kitu. Fikeni asubui mapema, sababu jua ikipanda ndege wanajificha. Mwezi wa sita baridi ni kali: watoto wavae triko. Bebeni maji ya kunywa, mampa, kofia na viatu vyenye kufungwa. Kule Kapolowe-Mission, mbele ya yote musalimie wakubwa wa mugini, kisha muombe mvuvi mumoja awaongoze, na mumulipe. Yeye anajua njia kavu, anajua pia fasi ya hatari. Nusu saa ya kwenda, nusu saa ya kurudi: hata mutoto wa miaka mitano atafika.

Musikimbie. Simameni, muangalie ile ndege nyeupe na nyeusi inayosimama hewani juu ya maji, kisha inajitupa kama jiwe. Muangalie ingine yenye vidole virefu, inayotembea juu ya majani ya maji bila kuzama. Watoto wasiingie ndani ya maji, hata kidogo, sababu ya bilharzia. Manati zibakie nyumbani. Na sashe za plastiki murudi nazo.

Sasa tuseme neno lenye kutuuma. Mto Panda unapita Likasi, unaingia Lufira, na Lufira inaingia ziwani. Kile tunaosha na kile viwanda vinatupa, vyote vinashuka kule. Watafiti walipima bonde hilo, wakakuta shaba na kobalti mpaka ndani ya samaki. Na miti ya pembeni inaendelea kuwa makala. Hatuwezi kusema mugodi ufungwe: bukari yetu inatoka mule. Lakini mugodi uko na mwisho. Wenye kukumbuka miaka ya 1990, wakati mushahara ulikawia miezi na miezi, wanajua namna gani jamaa mingi zilirudilia munda na uvuvi. Tukiua ziwa leo, siku ile ikirudi tutakimbilia wapi?

Njo maana kutembea hakuko muchezo. Fasi ambapo watu hawapite, hakuna mutu ataona wakati maji inageuka rangi, na hakuna mutu ataipigania. Mutoto mwenye aliona tai ile atauliza siku moja: imeenda wapi?

Basi tunaomba mambo matatu. Wakubwa wa kazi wenye mabisi ya kubeba wafanyakazi, mutoe bisi moja kwa jamaa, siku moja ya Mungu kila mwezi. Wadelege wa sendika, mutie ombi hilo pamoja na lile la maski na bote. Na wakubwa wa teritware ya Kambove, mutengeneze njia moja tu ya miguu kando ya maji, bila kuweka bariere ya kulipisha watu.

Na sisi wenyewe, tusingojee bisi. Jamaa tatu ao ine zikichanga, motoka moja inapatikana. Kiangazi ni kifupi.