Rangi Imeondoka, Mfuko Umebaki

Kuna jambo linalobishaniwa sana mabwenini. Wako wenzetu wasemao kwamba siku hizi elimu ni bure, mlango u wazi kwa wote, na asiyefika chuoni ni mvivu tu. Maneno hayo nimeyasikia zaidi kwa wale ambao masanduku yao huja yamejaa. Mimi sikubaliani nao.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Zamani za Mwingereza shule za Tanganyika zilitengwa kwa rangi. Mzungu alikuwa na zake, Mhindi zake, na Mwafrika zake. Tofauti haikuwa ya majengo na fedha tu. Mtoto wa Kizungu alifundishwa kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Mtoto wa Kiafrika alianza kwa Kiswahili, kisha akatakiwa kuhamia Kiingereza katika madarasa ya juu, kama alibahatika kuyafikia, maana wengi waliishia darasa la nne. Atakaye ushahidi na aende Iringa. Huko mwaka 1959 ilifunguliwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu iliyoitwa St Michael's and St George's. Baada ya uhuru ilifanywa Shule ya Mkwawa, na tangu 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Fikirini, ndugu zangu, ni majengo ya namna gani yaliyojengwa kwa watoto wachache wa sekondari hata yakafaa kuanzishia chuo kikuu.

Ng'ambo ya Ruvuma, ambako wengi wetu tuna mababu na mashangazi, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mreno hakumhesabu Mwafrika kuwa raia mpaka athibitishe kwamba amekuwa kama Mreno kwa lugha na desturi, na sheria hiyo haikufutwa mpaka 1961. Eduardo Mondlane, aliyekuja kuwa kiongozi wa kwanza wa FRELIMO, alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, lakini mwaka 1949 serikali ya makaburu ikamfukuza nchini. Ikambidi aitafute elimu Lisbon, kisha Marekani.

Kwetu utengano wa rangi mashuleni uliondolewa kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 1962. Miezi michache kabla ya hapo, Oktoba 1961, chuo kikuu cha kwanza nchini kilikuwa kimefunguliwa Dar es Salaam, na wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa wachache tu, wote wa sheria.

Hapa mtu ataniambia: mbona Benjamin Mkapa, Rais wetu wa Awamu ya Tatu, alitoka Lupaso, Masasi, katika siku hizo hizo za utengano, akapita Ndanda, Kigonsera na Pugu mpaka Makerere? Ni kweli, nasi watu wa kusini twajivuna naye. Lakini tuulize pia waliosoma naye darasa la kwanza Lupaso wako wapi. Nafasi zilikuwa chache kama meno ya mzee, na mtu mmoja kupenya hakuufanyi mlango kuwa mpana.

Basi rangi imeondoka. Sasa tazama kidato cha kwanza chochote huku kwetu. Anaingia mtoto aliyelipiwa shule ya binafsi ya Kiingereza tangu chekechea. Anaingia na mtoto wa mvuvi wa Msimbati, aliyesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, tena pengine ndiye aliyekuwa wa kwanza katika darasa lake. Mwalimu anaeleza kwa Kiingereza jinsi mizizi inavyonyonya maji. Mtoto wa Msimbati aijua mikoko na namna inavyostahimili maji ya chumvi, maana amekulia humo akitafuta kaa. Lakini hana maneno ya kuyaandika anayoyajua, basi anakariri asichokielewa. Muhula ukiisha matokeo yanabandikwa ukutani, nasi twasoma kwamba mmoja ana akili na mwingine hana. Mimi naona huo ni mstari ule ule wa zamani, ila sasa umechorwa kwa fedha. Wako wanaotaka masomo yote yawe kwa Kiswahili mpaka chuoni. Nami ningepiga kura upande wao, lakini mtihani wetu ni Novemba, na hautangoja wakubwa wakubaliane.

Juu ya ada, Serikali yastahili shukrani. Ada ilifutwa kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016, na kidato cha tano na sita ikafutwa 2022. Lakini aliyepata kuisoma fomu ya kujiunga na kidato cha tano ajua kwamba ada ilikuwa sehemu moja tu ya mzigo. Liko godoro, shuka, ndoo, sare, na nauli ya kwenda mkoa usioujua. Na fomu hiyo yataka vitu hivyo mwezi wa Julai! Julai kusi linavuma na mvuvi hatoki kila siku. Mwenye mikorosho naye yumo katika kupulizia dawa, fedha za msimu uliopita zimekwisha. Minada ya korosho huanza Oktoba. Mtoto wa mwenye mshahara hana habari ya kusi wala ya mnada. Kwake kila mwezi una mwisho wake.

Chuoni ndiko mzigo unapozidi. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imewafikisha chuo kikuu watoto wengi wa maskini, na mwenye kubisha hilo si mkweli. Lakini mkopo huombwa kwa mtandao, kwa muda uliowekwa, na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Yatima aongeze cheti cha kifo cha mzazi. Kaka yangu wa ukoo alifaulu kidato cha sita vizuri. Marehemu baba yake alizikwa kijijini, na hakuna aliyekuwa na fikira ya kuandikisha kifo. Karatasi zilipopatikana, muda wa kuomba ulikuwa umepita. Mwaka ule alikaa akibangua korosho, na wenziwe wakaenda Dar es Salaam.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa Mkuu wa Shule na walimu wetu: Jumamosi moja kila mwezi tufundishwe kuzijaza fomu hizi katika kompyuta ya shule, tangu kidato cha tatu, na kidato cha kwanza wapewe mazoezi ya Kiingereza kila siku muhula mzima, kabla hawajaanza kupangwa kwa namba ukutani. Kwa wazazi wetu: vyeti vya kuzaliwa vishughulikiwe likizo hii hii. Atokaye Kilambo au Msimbati atahitaji siku nzima kwenda mjini na kurudi, basi na aje navyo vya watoto wote, hata wale walio darasa la kwanza.