Darura Isiyokuwa Darura



Kila vijana wetu wanapojiandaa kwenda kusoma ughaibuni, swali moja hurudi katika misikiti ya Songea: je, yafaa Muislamu kufungua akaunti katika benki ya huko? Tunawaheshimu wanaouliza, lakini swali hilo limewekwa mahali sipo.

Akaunti ni chombo. Huko ugenini pango, ada na ujira hupitia benki. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka 2014 humpa mkazi halali, akiwemo mwanafunzi mgeni, haki ya akaunti ya msingi ya malipo. Basi kijana achague akaunti ya kupokea na kulipa tu, aikatae ya akiba inayozaa riba, na akatae ruhusa ya kutoa zaidi ya salio lake. Jambo hilo humalizika mbele ya karani.

Kinachotuuma hutendeka kabla mtoto hajapanda basi la Dar es Salaam. Ujerumani kwa kawaida humtaka mwanafunzi aweke kwanza fedha za mwaka mzima katika akaunti yenye kizuizi: tangu Septemba 2024 ni yuro 11,904, naye huruhusiwa kutoa 992 kwa mwezi. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30. Uingereza nayo hutaka fedha ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo. Mzazi aliyeuza mahindi ya misimu miwili hafikii hapo. Ndipo hati ya nyumba inapokwenda rehani, na riba inaanza kuhesabiwa. "Ni darura," husema mzazi, na baadhi ya masheikh wetu, Allah atusamehe sisi na wao, huitikia kwa kichwa.

Darura gani? Aya ya 173 ya al-Baqara inamzungumzia aliyesukumwa na dhiki, asiyetamani wala kupita kiasi. Shahada ya Ulaya si tonge la mwenye kufa njaa. Dodoma pana chuo kikuu, Morogoro pana Chuo Kikuu cha Waislamu, na Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961, huwapa wanafunzi wake posho. Milango hii ipo wazi, na mwenye mlango wa halali hapewi hukumu ya aliyezingirwa. Ajabu ni kwamba mzazi huyo huyo humwusia mwanawe asiguse senti ya riba ya benki ya wazungu, ilhali nyumba anamolala mama yake imewekwa dhamana ya riba.

Wapo pia wanaoazima fedha za kuonyesha siku 28, kisha zinarudishwa kwa mwenyewe. Hata zikiwa hazina riba, huo ni ughushi, na kiapo cha uongo mbele ya ofisa asiye Muislamu hakigeuki kuwa halali.

Nasi wa kamati tusijitoe. Tunachangisha zulia na vipaza sauti mara moja kwa mwaka, na zinapatikana. Mfuko wa karadha njema kwa wanafunzi, wenye maandishi na mashahidi kama aya ya 282 inavyoagiza, tunaukwepa kwa kuwa unadai hesabu za wazi. Ijumaa ijayo, kabla kikapu hakijapita, waumini wa kila msikiti waiulize kamati yao: nyumba ngapi za safu yetu ziko rehani kwa ajili ya ada, na mfuko huo utaanza lini?