Tende 24 Juu ya Mkeka



Wapenzi wasomaji, alinijia mama mmoja aliyetoka edani karibuni, amefuatana na bintiye wa kidato cha tatu. Marehemu aliacha mjane huyo, mwana mmoja wa kiume na binti huyo mmoja. Wazazi wake walikwisha tangulia mbele ya haki, wala hakuacha wasia. Baada ya gharama za mazishi na madeni, zilibaki shilingi 2,400,000. Shemejiye alimwambia kuwa fungu lake ni 200,000, naye akapokea.

Nikamwuliza, "Mama, thumuni ya mali hiyo ni kiasi gani?"

Akainamisha uso. "Shekhe, mimi hisabu ilinishinda tangu skuli."

Nikamgeukia binti. Akatabasamu, akasema, "Na mimi ni kama mama."

Haki ya mama haikuchelewa kurudi. Tulipiga hisabu, thumuni ikawa 300,000; shemeji alipoonyeshwa karatasi alikiri kuwa alikosea, akaitimiza. Lililoninyima usingizi ni jibu la binti. Maneno yale hakuyapata skuli. Aliyarithi nyumbani, tena urithi usiohitaji kugawanywa.

Dini yetu haikuitenga hisabu na nyumba. Katika Suratun-Nisaa mafungu ya warithi yametajwa kwa vipimo vyake: nusu, robo na thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad katika karne ya 9, zama za Khalifa al-Ma'mun, alipoandika kitabu chake cha al-jabr, sehemu kubwa aliitoa kwa masuala ya wasia na mirathi. Jina la aljebra limetokana na kitabu hicho. Basi somo linalowatoa jasho watoto wetu lilitumika tangu zamani kumtafutia mjane na yatima haki yake.

Nami nawaombeni mlirudishe nyumbani kwa njia ya mchezo. Usiku mmoja baada ya Isha, tandikeni mkeka, wekeni sinia ya tende. Mtoto mmoja awe mjane, wa pili awe mwana, wa tatu awe binti. Anzeni na tende 8. Mjane achukue thumuni yake, tende 1. Zitabaki 7, za kugawanywa mafungu matatu: mwana mafungu mawili, binti fungu moja. Hapo watakwama, kwani 7 haigawanyiki kwa 3, na kukata tende ni marufuku!

Msiwape jibu. Waacheni wabishane. Huenda akatokea mmoja, pengine yule mdogo msiyemtarajia, akasema, "Tuongezeni tende." Ngapi? Wajaribu 16: mjane apate 2, zibaki 14, nazo pia hazigawanyiki kwa 3. Wajaribu 24: mjane apate 3, zibaki 21, na kila fungu liwe tende 7. Mwana atapata 14 na binti 7. Wakifika hapo, wamefanya jambo ambalo wanavyuoni wa faraidhi hulisomesha darasani, nao walidhani wanacheza. Kisha kusanyeni tende zote mle sawa kwa sawa, maana mirathi imekwisha.

Jikoni nako mna darasa. Mkate wa sinia ukatwe nusu, kila nusu ikatwe nusu, na kila robo ikatwe nusu tena: hiyo ndiyo thumuni, ina harufu ya iliki. Na bao letu la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, lisibaki barazani kwa wazee peke yao. Wapeni mabinti nao wahesabu kete kabla ya kuzitia, maadamu hapana kamari wala Sala haipitwi na wakati wake.

Adabu ya mchezo ni kwamba anayekosea hachekwi wala hafokewi. Aulizwe, "Umefikaje hapo?" Mara nyingi atayaona makosa yake mwenyewe akiwa anaeleza njia aliyopita.

Nawe mama, hata kama hisabu ilikushinda kweli, usiyatamke maneno hayo mbele ya bintiyo. Mwambie, "Njoo tuhesabu sote." Hapana aibu ya kujifunza pamoja na mwanao juu ya mkeka. Ipo siku atawekewa karatasi mbele yake atie sahihi, nawe huenda usiwepo. Siku hiyo na azikumbuke tende zako, aseme kwa upole, "Ngojeni kwanza, nihesabu."

Mwenyezi Mungu atujaalie wenye kutoa haki na wenye kuzijua haki zao. Wabillahi tawfiq.