Walimu Wastaafu wa Mvumi, Fungueni Daftari

Januari 1932 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilipofungua njia ya kupeleka barua kwa ndege kutoka London hadi Cape Town, Dodoma ilikuwa kituo kimojawapo, katikati ya Moshi na Mbeya. Ndege za De Havilland Hercules zenye injini 3 zilishuka hapa kujaza mafuta. Petroli ya zama zile iliuzwa kwa madebe ya galoni 4, na debe hilohilo ndilo tunalopimia mahindi sokoni hadi leo. Mwaka 1937 njia ikahamia pwani, kwa ndege za kutua majini, na Dodoma ikatoka kwenye ratiba. Huko Croydon, ulikokuwa uwanja wa London, makumbusho yanaendeshwa na watu wanaojitolea. Huku kwetu kiwanja hakikujifyeka chenyewe, wala debe halikutembea kwa miguu yake. Lakini waliofyeka na waliobeba hawana hata daftari moja lenye majina yao.

Nanyi walimu wastaafu wa Mvumi, hapa Dodoma, na vijiji vya jirani ndio mnaofaa kulifungua daftari hilo. Mwalimu aliyefundisha miaka 30 anazijua koo, anajua nani alikuwa dereva wa misheni na nani alishika redio, na akibisha hodi kwenye nyumba ya tembe hakuna anayemuuliza katumwa na nani. Waliobeba madebe mwaka 1932 wamekwisha kufa, ila wapo watoto na wajukuu waliosimuliwa. Waliozipokea ndege ndogo za MAF, shirika la kimisionari lililokuwa na kituo chake Dodoma, bado tunakutana nao sokoni: wauguzi, makarani, walinzi waliofukuza mbuzi kwenye kiwanja pale mlio uliposikika.

Watasema hii ni kazi ya serikali. Basi tuisome sheria yenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Cha baadaye, kwa sehemu kubwa, husubiri tangazo la waziri. Ndege ya kwanza yenye injini iliruka 1903. Maana yake historia yote ya ndege za injini imezaliwa nje ya ua huo, na waziri hawezi kutangaza kitu ambacho hakuna aliyemwonyesha. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hizi zilikuwa ndege za wakoloni, tuzikumbuke za nini? Ni kweli, barua zile hazikuwa zetu. Lakini tukinyamaza tunaacha simulizi ibaki ya rubani peke yake, na jasho la Mgogo, mwenyeji wa hapa, liendelee kuwa mandhari ya picha yake. Na anayesema maji na chakula vitangulie hajakosea, isipokuwa hakuna anayeomba jengo wala bajeti hapa. Daftari la kurasa 200 halimnyimi mtu ndoo ya maji.

Kinachobana ni muda. Ujenzi wa uwanja wa kimataifa wa Msalato unautoa usafiri wa anga katikati ya mji, na kumbukumbu za ofisi zikihamishwa, kabati kuukuu huishia jikoni kuwasha moto. Kwa hiyo tuanze kiangazi hiki, baada ya mavuno, watu wakiwa na nafasi. Kila kijiji kichague walimu wawili na kijana mmoja mwenye simu ya kupigia picha. Wawaulize wazee ndege ilitua wapi, mwaka gani au mwaka wa njaa ipi, ilimleta nani, ilimchukua mgonjwa gani, nani alikisafisha kiwanja na alilipwa nini. Wakipewa picha ya sandukuni waipige pande zote mbili, maana nyuma ya picha ndiko wazee walikoandika majina kwa penseli, na penseli inafifia.