Maktaba ya Chuo Kikuu na Miswada ya Lamu: Usasa wa Mashine au Usasa wa Usomaji?

1.0 Utangulizi

Neno "usasa" limepata wafuasi wengi katika mipango ya maktaba za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Maktaba huhesabiwa kuwa ya kisasa pindi inapoweka tarakilishi, ikasimika programu ya Koha kwa ajili ya katalogi na DSpace kwa ajili ya tasnifu, na ikajiunga na mpango wa kulipia majarida ya ng'ambo kwa pamoja, kama ule wa muungano wa maktaba za Kenya, KLISC. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata maktaba mpya mnamo Novemba 2018, jengo lililojengwa kwa msaada wa China, lenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu 800,000. Maendeleo hayo si ya kubezwa. Linalopingwa katika makala haya ni dhana iliyojificha nyuma yake, yaani kwamba maktaba ikishapata mashine na jengo, huduma yake kwa utafiti na ujifunzaji imekwisha kuwa ya kisasa.

Dhana hiyo inapimwa hapa kwa kigezo kimoja: miswada ya Kiswahili ya funguvisiwa la Lamu. Sehemu kubwa ya ushairi mkongwe wa Kiswahili ulioandikwa ilitungwa au kunakiliwa huko, na maktaba inayodai kumhudumia mhakiki wa fasihi ya Kiswahili haiwezi kukikwepa kigezo hicho.

2.0 Miswada na Mtawanyiko Wake

Pate ndiko unakonasibishwa Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo bin Athumani mnamo 1728. Magofu ya Pate ndiyo yaliyomliza Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi. Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye utendi mnamo 1858. Siyu yenyewe ilisifika kwa wanukuzi wa misahafu. Hata katika karne ya 20 kazi ya kunukuu haikukoma. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945, aliwanakilia tungo wataalamu kutoka Ulaya, miongoni mwao Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann.

Kwa njia hiyo kalamu ya Lamu ilijaza rafu za London na za Ujerumani. Katika Afrika Mashariki yenyewe, J.W.T. Allen alikusanya miswada na kanda za sauti katika miaka ya 1960 kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na orodha ya mkusanyiko huo ikachapishwa Leiden mnamo 1970. Ni dhahiri, basi, kwamba mtafiti wa leo anayetaka kulinganisha nakala za utungo mmoja hulazimika kupita katika maktaba za mabara mawili kabla ya kuandika sentensi moja ya uhakiki. Hapo ndipo tarakilishi inapoweza kumfaa mno. Swali ni kwamba imfae kwa kufanya nini.

3.0 Katalogi ni Uhakiki

Aghalabu katalogi hudhaniwa kuwa kazi ya ukarani isiyomhusu mhakiki. Dhana hiyo haina mashiko. Jina la kwanza ambalo mtafiti hukutana nalo katika hazina hizi ni la mkusanyaji: mkusanyiko wa Taylor, wa Hichens, wa Allen. Mtunzi huja baadaye, mnukuzi baadaye zaidi, na familia iliyouhifadhi mswada kwa vizazi huenda isitajwe kabisa. Mpangilio huo unamfundisha mwanafunzi, kabla hajasoma ubeti hata mmoja, kwamba fasihi hii ina mwanzo wake kwa aliyeichukua na si kwa aliyeitunga.

Tatizo la pili ni uainishaji. Katika mfumo wa Dewey, fasihi ya Kiafrika huwekwa katika 896 na Uislamu katika 297. Hamziya ya Sayyid Aidarusi wa Pate iwekwe wapi? Ni kasida ya Kiarabu ya al-Busiri iliyofasiriwa kwa ushairi wa Kiswahili, na katika miswada yake mstari wa Kiarabu hufuatwa na mstari wa Kiswahili katika ukurasa uo huo. Ikiwekwa katika dini, mwanafunzi wa fasihi hataiona. Ikiwekwa katika fasihi, itatengwa na vitabu vilivyosomwa pamoja nayo. Mwanachuoni wa Lamu hakuujua mpaka huo. Katika hazina ya Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Saleh, vitabu vya fikihi, sarufi ya Kiarabu, tasawufi na mashairi vimekaa pamoja kwa sababu vilisomwa pamoja. Mashine inayochukua mgawanyo wa Dewey na kuuhamishia katika kioo cha tarakilishi haijaleta usasa wowote. Imeharakisha kosa la zamani.

4.0 Picha Si Usomaji

Hoja nzito zaidi inahusu matini yenyewe. Hati ya Kiarabu, kama ilivyotumika kuandikia Kiswahili kwa karne nyingi, ina alama tatu za irabu fupi ilhali Kiswahili kina irabu tano. Herufi moja ya "b" huweza kusimamia b, p au mb. Kwa hiyo neno lenye "b" mbili zenye fataha laweza kusomeka baba, papa, pamba au bamba, na ni muktadha, mizani na kina tu vinavyomwongoza msomaji. Upungufu huo ulijulikana kwa wenyeji wenyewe: Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki 1890, alitumia alama za ziada ili kuzitenganisha sauti hizo, na Sheikh Yahya Ali Omar akaja kupendekeza mfumo kamili mnamo 1997 akishirikiana na P.J.L. Frankl.

Maana yake ni kwamba kila toleo la hati za Kirumi ni tafsiri ya kwanza ya utungo. Hichens alipolitoa toleo lake la Al-Inkishafi mnamo 1939, na Allen alipotoa Tendi mnamo 1971, waliamua kwa niaba ya msomaji neno lipi lisomwe. Mhariri akiamua, mathalani, kuugeuza usemi wa Kiamu uwe Kiswahili sanifu, "nti" ikawa "nchi", kina cha -ti huvunjika, na mhakiki asiyeuona mswada atamlaumu mtunzi kwa kosa la mhariri. Uhakiki wa fani uliojengwa juu ya matini kama hiyo ni nyumba iliyojengwa juu ya mchanga.

Sasa maktaba inapopiga picha za miswada na kuziweka katika mtandao, je, imelitatua tatizo hili? La hasha. Mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili asiyeijua hati ya Kiarabu ataitazama picha hiyo kama anavyotazama nakshi za mlango wa Lamu: atavutiwa, kisha atarudi kwenye toleo la Kirumi. Maktaba itahesabu kwamba picha imefunguliwa mara moja zaidi, na hesabu hiyo itaingia katika ripoti ya mwaka. Usomaji haukutokea.

5.0 Hoja za Upande wa Pili

Watetezi wa mashine wana hoja mbili zisizopaswa kupuuzwa. Ya kwanza ni hifadhi. Chumvi ya bahari, unyevu na mchwa havimsubiri mwanafunzi ajifunze kusoma, hivyo picha ipigwe kwanza. Hoja hii ni sahihi, na kazi iliyofanywa Riyadha mwanzoni mwa miaka ya 2010 chini ya mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, ambapo miswada ilipigwa picha pasi na kuondolewa nchini, inastahili sifa. Hata hivyo, hifadhi ya mbali nayo ina mchwa wake. British Library iliposhambuliwa na wahalifu wa mtandao mnamo Oktoba 2023, huduma zake nyingi za mtandaoni zilizimika kwa miezi mingi. Nakala isiyokuwapo Lamu kwenyewe, katika diski na katika karatasi, ni amana iliyowekwa kwa mtu ambaye mlango wake huenda ukafungwa siku yoyote.

Hoja ya pili ni ya gharama: kwamba maktaba haina fedha za kuwalipa wasomaji wa hati za kale. Lakini maktaba hizo hizo hutenga fedha kila mwaka za kulipia majarida ya ng'ambo, yakiwemo yale yenye makala juu ya tungo hizi hizi. Kumlipa mchapishaji wa mbali kwa maelezo ya utendi, na kukosa cha kumlipa mwalimu wa Lamu au Faza anayeweza kuusoma utendi wenyewe, ni uchaguzi wa kitaaluma. Usifichwe nyuma ya neno "bajeti".

6.0 Hitimisho

Maktaba itakayostahili kuitwa ya kisasa mbele ya mhakiki wa fasihi ya Kiswahili haina budi kutimiza mambo manne. Kwanza, picha ya mswada iambatane na unukuzi wa herufi kwa herufi na usomaji uliopendekezwa, kila kimoja mahali pake, ili msomaji auone uamuzi wa mhariri na aweze kuupinga. Pili, katalogi imtaje mtunzi, mnukuzi, mwenye mswada na mahali ulipotoka kabla ya mkusanyaji, na itumie istilahi za Kiswahili: utendi, kasida, ukawafi, wala si "shairi la kidini" peke yake. Tatu, nakala kamili irejeshwe mahali mswada ulikotoka. Nne, somo la hati ya Kiarabu lifundishwe ndani ya maktaba, na walimu wa visiwani walipwe na majina yao yaandikwe kwenye kazi zao.

Jambo hili la nne ndilo lisilongoja. Mswada uliopigwa picha leo unaweza kusomwa miaka hamsini ijayo, ikiwa atakuwapo wa kuusoma. Walioirithi hati hiyo chuoni kwa mwalimu wao, na wanaojua kwa sikio kwamba hapa ni "pamba" na pale ni "bamba", wanapungua, na hakuna programu inayoweza kumrejesha mmoja wao akishaondoka. Idara za fasihi zikiendelea kuitazama maktaba kama ghala la vifaa linalowahusu wakutubi pekee, zitarithi hazina kubwa ya picha zilizo safi, zilizopangwa vema, na zisizosomeka.