Shukrani ya Anayerudi Nyumbani



Kwa miezi mingi tumekuwa njiani kati ya Mbeya, Jimbo Kuu tangu 2018, na jimbo jirani la Iringa. Makambako na Mafinga tumezipita mchana na usiku, tukimwomba Mungu atufikishe salama. Tukifika, twamshukuru, ni wajibu wetu. Lakini aliyebaki nyumbani akiuguza mgonjwa, akipalilia viazi na kutunza moto katika baridi ya Juni, nani amshukuru? Wakoma kumi walitakaswa, akarudi mmoja tu kushukuru. Basi tunaporudi, tusidai chakula kabla ya kusema asante. Nyumba haijitunzi yenyewe. Na anayeitunza naye huchoka, ijapokuwa hakusafiri.