Picha Safi, Mkono Unatetemeka

Wanachuo wenzangu, tuseme ukweli. Hapa Mtwara mtu akianguka na boda, akainuka na kujipangusa vumbi, basi tunahesabu kapona. Wiki mbili baadaye mkono unatetemeka akishika kalamu, chai inamwagika, na maneno yanaanza: mlevi huyo, anaogopa mtihani, kapandwa na jini. Akibahatika kupigwa picha ya CT ikatoka safi, ndiyo basi tena. "Si umeona? Huna kitu!"

Hapo ndipo ninapobisha. CT ni kipimo cha dharura: inatafuta damu iliyovuja kichwani na fuvu lililovunjika, vitu vinavyoweza kuua leo hii. Jeraha dogo, la mtu aliyezimia chini ya dakika 30 au asiyezimia kabisa, mara nyingi halionekani humo. Mkono hutulizwa na mawasiliano kati ya ubongo mdogo wa kisogoni, kituo cha katikati kiitwacho thalamasi, na gamba la ubongo linaloamrisha misuli. Kichwa kikitikiswa ghafla, nyuzi zinazounganisha sehemu hizo zinaweza kuvutika bila tone la damu kumwagika. Kwa MRI watafiti hufuatilia maji yanavyosogea kufuata nyuzi hizo. Wengine hupima mtetemo wa mkono mtu akiwa ndani ya mashine, waone ni sehemu gani ya ubongo inayokwenda nao sambamba.

Ila tusidanganyane. Picha hizo zinafaa zaidi kulinganisha makundi ya watu. Kwa mgonjwa mmoja bado hazitoi jibu la uhakika. Sioni sababu ya familia kumaliza hela yote ya korosho, na kusafiri zaidi ya kilomita 500 hadi Dar, ili tu kuthibitisha kwamba mtoto wao hasemi uongo. Daktari makini huanza na maswali. Mkono unatetemeka ukiwa umetulia, au ukinyooshwa kushika kitu? Unatumia dawa gani, za pumu labda? Tezi ya shingo je? Hata video ya simu inamsaidia. Na upo mtetemeko ambao nyuzi ni nzima ila ubongo unaziendesha vibaya. Huo nao si maigizo, na mazoezi ya viungo ni sehemu ya tiba yake. Mitetemeko mingi ya jeraha dogo hupungua yenyewe.

Lakini kichwa kikizidi kuuma, mtu akitapika tapika, akapata degedege au akalala usingizi usioeleweka, usingoje kuche. Kimbia Ligula au hospitali ya kanda kule Mitengo. Hapo CT ina kazi.

Serikali ya wanafunzi nayo isikae kimya. Mtihani wa masaa matatu wa kuandika kwa mkono ni adhabu kwa mtu wa namna hii. Idai muda wa ziada kwa barua ya daktari tu, bila picha. Na ikishamaliza hilo, iende kijiweni pale getini iwaulize madereva: helmeti ya abiria iko wapi?